Ukingo Uliotulia

Jumatatu, 25 Machi 1996

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili daftari hili lisije likanidhania mtu mwingine. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani yetu Kipkurui, namwogopa Madam Marcella, mwalimu wetu mkuu, hasa akinyamaza, na tangu leo saa saba mchana naogopa katoni.

Imetoka kwa Sagini. Tulisoma fizikia pamoja chuo kikuu. Yeye akaenda ng'ambo miaka miwili iliyopita, mimi nikarudi hapa karibu na Kaplong kufundisha wasichana wanaodhani sumaku ni kiini macho cha walimu. Ndani ya katoni mna karatasi mia tatu na arobaini, na kila moja ina mstari mmoja unaotetemeka kutoka kushoto hadi kulia. Profesa wake amesema nikiisoma mistari yote na kuandika ripoti kabla shule hazijafunguliwa Mei, nafasi ya kusoma kwao mwezi wa tisa ni yangu. Nikikosea si yangu. Hiyo sehemu ya mwisho Sagini hakuiandika, nimeiongeza mwenyewe.

Mvua imeanza leo. Ya kawaida tu.

Jumatano, 27 Machi

Mama ameuliza hii mistari ni ya nini. Mama yangu, Rebeccah, alichuma majani kwenye shamba la kampuni miaka ishirini na miwili kabla hatujapanda chai yetu wenyewe, na hapendi kitu kukaa mezani kwake bila kazi.

Nikamwambia kuna mashine inayochoma gesi mpaka inakuwa moto kuliko jua. Ikifika hapo inaitwa plasma. Hakuna sufuria ya kuishika, kwa hiyo wanaizungushia sumaku pande zote ili ielee katikati bila kugusa kitu.

"Na ikigusa?"

"Inaharibu kilichoguswa."

"Na hizo sumaku zinaishika kabisa?"

Sasa hapo ndipo penye kazi. Katikati inashikika. Ukingoni haitulii. Inachafuka, inavuja, na hata waliosoma sana hawajui vizuri inavuja vipi. Ndiyo maana kwenye mashine yao ya zamani waliweka kipimo chembamba kama sindano, pale ukingoni. Plasma ikigusa ile sindano, mstari unapanda. Mstari ukiwa chini kumetulia, ukipanda juu kuna kitu kimetoroka.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo ni moto uliofungwa na kitu hakionekani. Na huyo Sagini anakaa karibu nao?"

Nikasema anakaa nyuma ya ukuta wa zege. Sijui kama ni kweli.

Jumapili, 31 Machi

Kanisa. Karatasi nne. Radi.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Kazi yenyewe ni ya punda. Naweka rula, kila nusu sentimita napima mstari umepanda milimita ngapi, naandika kwenye daftari. Karatasi moja ina namba hamsini. Mara nyingi ni kumi na mbili, kumi na tano, kumi na tatu. Halafu ghafla arobaini na saba. Halafu tena kumi na nne, kama hakuna kilichotokea. Kila nikifika kwenye kilele kama hicho mkono unasita, na napima mara mbili.

Jumanne, 9 Aprili

Karatasi arobaini. Arobaini tu, na macho yananiwasha hadi nikifumba naona mistari. Nimepiga hesabu, kwa mwendo huu nitamaliza mwishoni mwa Julai. Nimekaa jikoni nikalia kidogo, Mama akiwa ameenda kukamua. Alipoingia nikasema ni moshi.

"Moshi gani na hujawasha moto?" akasema.

Jumatano, 10 Aprili

Mama anazisoma yeye. Amesema mwenyewe: alifika darasa la nne, namba anajua, rula anajua, na mvua hii inamzuia shambani tangu saa nane kila siku. Nilimwonyesha karatasi tatu. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Mimi nikipima moja yeye amepima nne. Nimeona aibu, halafu nikaona raha.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama: karatasi arobaini na saba. Anaimba nyimbo za kanisa akipima.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Majani yanakua haraka hadi Mama analalamika. Yakikaa siku mbili zaidi yanakuwa magumu, na karani wa kituo cha majani hana huruma. Leo amemwagia mtu kapu zima chini kwa sababu ya majani matano yaliyokomaa. Mama amenisimulia kama habari ya msiba. Yeye hajawahi kumwagiwa, na hiyo ndiyo sifa pekee anayojipa mbele za watu.

Jumanne, 30 Aprili

Amemaliza. Mia tatu. Madaftari kumi na mawili, namba zimekaa wima kama askari. Nimemkumbatia, akanisukuma akisema nitamwaga maziwa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeogopa leo, lakini uoga mzuri, wa kushika kitu kikubwa.

Nimehesabu ni mara ngapi mstari ulikuwa kumi, mara ngapi kumi na moja, na kuendelea, nikachora. Wakubwa walioandika juu ya ukingo wa plasma wanasema mchoro huo huwa na mkia mrefu upande wa kulia, yaani vilele vichache vikubwa kupita kiasi. Kwangu mchoro umetoka kama kengele. Unapanda, unashuka, unaisha. Mkia haupo. Maana yake ni kwamba ukingo wa mashine yao ulikuwa umetulia, unavuja kidogo kidogo kwa adabu. Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Ningekuwa mimi wa kwanza, Chepngeno wa Kaplong.

Kuna shida moja. Zile arobaini nilizosoma mimi hazifanani na mia tatu za Mama. Zangu zina mkia. Nimezitazama mchana kutwa. Zilikuwa za siku za kwanza za majaribio, labda kipimo chao kilikuwa bado kibovu. Pia nilikuwa nimechoka. Namba za Mama ni safi, zangu ni chafu. Nimeziacha zangu nje.

Jumamosi, 4 Mei

Nimetuma ripoti kwa faksi kutoka posta. Kurasa nne. Mstari wa mwisho unasema: ukingo umetulia. Niliuandika mara tatu ili uwe mwepesi kusomeka.

Jumatatu, 13 Mei

Shule. Fom thrii hawajui hata nguzo za sumaku. Nimewasamehe.

Jumatano, 22 Mei

Barua ya Sagini. Profesa amefurahi sana. Nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani kwenye matope, gambuti zikizama, na nikasikia watu wakinisalimu lakini sikuitika.

Kwenye mashine mpya wanataka kuweka dirisha la kioo ili kamera iweze kutazama ukingo wa plasma kwa karibu. Walikuwa wanabishana waliweke umbali gani. Wengine walitaka sentimita kumi na kioo kinene. Profesa akaweka ripoti yangu mezani, akasema ukingo umetulia, sentimita nne zinatosha, na kioo chembamba kinaona vizuri zaidi. Watawasha kwa nguvu zote Jumatatu ya tarehe tatu Juni. Kamera ni kazi ya Sagini. Kila baada ya kuwasha, yeye ndiye anaingia kuirekebisha pale dirishani.

Ameandika: "Niliwaambia wewe hukosei."

Mama amechinja kuku. Mimi nimekula kidogo.

Jumapili, 26 Mei

Mvua ya mawe. Tulikuwa tunatoka kanisani, mbingu ikawa na rangi ya chuma, halafu ikashuka. Mawe makubwa kama mayai ya njiwa. Tulijibanza chini ya paa la duka la Kipkurui, na sauti ya mabati ilikuwa kubwa hadi nikashika masikio kama mtoto. Ilichukua dakika kumi.

Shamba letu limebaki vijiti. Hakuna jani moja zima. Ardhi nyeupe, na harufu ya majani yaliyopondwa kila mahali, kama tumefungua mlango wa kiwanda.

Jumatatu, 27 Mei

Mama amesimama katikati ya michai asubuhi yote. Nilimpelekea chai akaipokea bila kunitazama.

"Unajua kitu, Ngeno," akasema. "Tangu Machi mvua inanyesha kila siku, na haikunifanya kitu. Nimepimiwa mvua ya miezi miwili na shamba likapendeza. Dakika kumi hizi ndizo zimenila."

Nikasema, "Pole, Mama." Nikaenda shule. Nilifundisha kipindi cha kwanza na cha pili. Katika kipindi cha tatu nikiwa ubaoni, nikaacha chaki katikati ya neno.

Jumanne, 28 Mei

Nimefanya nilichokuwa nakiogopa tangu jana. Mama alipoenda kwa mkutano wa wakulima nilifungua katoni, nikachomoa karatasi yoyote. Namba mia moja na kumi na mbili. Nikaiweka kando ya daftari la Mama.

Mstari unakwenda kumi na tatu, kumi na tano, halafu unapaa hadi hamsini na mbili. Daftari linasema kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne. Nikadhani nimepotea mstari. Nikaanza upya. Kuna vilele vitatu kwenye ile karatasi, na vyote vitatu havimo daftarini. Ameviruka na kuendelea na namba inayofuata.

Nikachukua nyingine. Na nyingine. Halafu nikaacha karatasi, nikapitia madaftari yenyewe, yote kumi na mawili, nikitafuta namba kubwa kuliko zote. Thelathini. Katika madaftari kumi na mawili hakuna thelathini na moja.

Mama alirudi akanikuta nimekaa sakafuni. Nikajikaza, nikauliza kama mtu anayeuliza habari ya ng'ombe. "Mama, zile ndefu sana, ulizifanyaje?"

"Zile zilizokomaa? Nilizitoa." Alikuwa anafungua lesso kichwani. "Hazikuwa nyingi. Karatasi nzima labda tatu, nne. Hukuniambia, lakini nilijua. Karani akiona jani gumu moja anamwaga kapu lote. Sikutaka wakumwagie."

Alisema hivyo kwa upole, na kwa fahari kidogo. Nikasema asante.

Vilele vile ndivyo kazi yenyewe. Plasma haivuji kidogo kidogo kwa adabu. Inakaa kimya, halafu inatupa tonge zima ukutani, na hayo matonge machache ndiyo yanayobeba karibu kila kitu kinachotoka. Ni kama mawe ya juzi. Nimewaandikia watu kwamba hakuna mawe, na kwa ajili hiyo wameweka kioo chembamba sentimita nne kutoka motoni, na nyuma ya kioo kuna uso wa Sagini.

Na si Mama. Mama alifanya alichofundishwa na maisha yake yote. Mimi nilikuwa na karatasi arobaini mkononi zikinipigia kelele, nikazitupa kwa sababu zilinichafulia kengele yangu.

Jumatano, 29 Mei

Sikufanya kitu.

Alhamisi, 30 Mei

Sikufanya kitu. Najiambia kioo kinaweza kuhimili. Najiambia labda watu wa huko wanapima wenyewe, hawawezi kuamini kurasa nne za mwalimu wa Kaplong. Halafu nasikia, "Niliwaambia wewe hukosei."

Nikisema, nafasi imekwenda. Nikisema, lazima nieleze ni nani aliyesoma, na Mama atajua kwamba yeye, ambaye karani hajawahi kummwagia, ndiye aliyeharibu. Nikinyamaza huenda lisitokee lolote. Huenda. Leo nimewapiga kelele fom tuu bila sababu, msichana mmoja akalia, na nilitaka kulia naye.

Ijumaa, 31 Mei

Asubuhi niliamka najua la kufanya. Sijui ujasiri umetoka wapi, nadhani uoga wa upande mmoja umeushinda wa upande mwingine, basi. Nilimwomba Madam Marcella ruhusa. Akanyamaza. Nikamwambia mtu anaweza kuumia kwa sababu yangu, akasema, "Enda."

Simu ya shule imekufa tangu ile mvua. Posta wamenieleza mti umeangukia waya, hakuna faksi, hakuna simu, mpaka mafundi waje. Lini? Kesho ni sikukuu ya Madaraka, kesho kutwa Jumapili. Jumatatu.

"Jumatatu saa ngapi?" nikauliza.

"Mwalimu, Jumatatu ni Jumatatu."

Jumatatu saa tatu asubuhi yao, saa tano yetu, watawasha. Nilirudi kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa naongea peke yangu, na Kipkurui alinipita akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Hata mbwa wake hakunibwekea.

Jumamosi, 1 Juni. Madaraka

Lazima niandike yote, kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi nilimwambia Mama. Nilimweleza kila kitu: vilele, dirisha, Sagini. Nilisema kosa ni langu kwa sababu sikumwambia asiache kitu, na kwa sababu nilitupa za kwangu. Hakunisikiliza sehemu hiyo.

"Kioo kikipasuka inakuwaje?"

"Ndani ya mashine hamna hewa, Mama. Kikipasuka hewa yote ya chumba inakimbilia ndani kwa nguvu, na vipande vinaruka kila upande. Akiwa amesimama pale..."

"Macho," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaosha mikono, akavaa nguo ya kanisa, akachukua mwavuli. "Kiwanda kina simu. Haipiti kwa nguzo za barabara, ina mnara wake. Twende."

Kiwanda hakikufungwa, majani hayajui sikukuu, ingawa wiki hii ni machache. Ofisini alikuwepo Arasa, Mkisii mmoja mnene mwenye miwani, ambaye zamani alikuwa karani wa kituo chetu na sasa anashika funguo meneja akiwa mapumziko.

"Mama Chepngeno, leo ni sikukuu," akasema.

"Najua. Sijaleta majani. Nataka simu ya ng'ambo."

"Hiyo hairuhusiwi bila meneja. Mimi watanifuta kazi."

Mama alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kufanya maishani. "Arasa, miaka uliyonipimia, umewahi kukuta jani gumu kwa kapu langu?"

"Hapana, mama. Hata moja."

"Basi nimelipeleka moja mbali sana, na liko karibu kumtoa mtoto wa mtu macho. Mtoto wa kwenu. Nisaidie nilitoe."

Arasa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Halafu akafungua droo akatoa ufunguo wa simu.

Nilipiga namba iliyoandikwa juu ya barua yake, ya nyumba anamokaa. Ililia mara nyingi. Aliyeitika kwanza alikuwa mtu nisiyeelewa anachosema, nikarudia jina la Sagini kama kasuku. Nikasikia miguu ikishuka ngazi. Halafu sauti yake, nzito ya usingizi.

"Ngeno? Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilisema haraka na vibaya, nikachanganya Kiingereza na Kiswahili, lakini neno vilele nililisema vizuri.

"Vingi?" akauliza.

"Vitatu, vinne kwa kila karatasi. Hadi hamsini na kitu. Sagini, ukingo haujatulia. Haukuwahi kutulia."

"Dirisha tulishalifunga," akasema. "Jana tuliwasha mara sita, kwa nguvu ndogo, kujaribu tu."

"Na?"

"Na kuna mstari kwenye kioo. Mwembamba. Nilidhani ni uchafu. Nilikuwa niende leo jioni niupanguse kwa kitambaa, Jumatatu profesa asije akanikaripia."

"Usiende."

"Siendi."

"Sagini, usiende hata kuchungulia."

"Nimesikia, Ngeno. Siendi."

Nilirudisha simu. Arasa akaniletea maji. Mama hakuuliza kitu, alikuwa amesikia upande wangu na ulimtosha. Njiani kurudi alinishika mkono, na nilihisi wake unatetemeka. Sikuwahi kuona hivyo.

Jumapili, 2 Juni

Hatukwenda kanisani. Mama alisema tumwombe Mungu tukiwa tumelala, anaelewa.

Jumatatu, 3 Juni

Saa tano nilikuwa darasani. Sikumbuki nilifundisha nini.

Jumanne, 4 Juni

Mafundi wamekuja. Simu ya shule ililia mchana, Madam Marcella akaja mbio kuniita, nikadondosha vitabu. Ilikuwa mzazi wa fom wani.

Jumatatu, 17 Juni

Barua. Ile Jumamosi Sagini alimpigia profesa nyumbani. Hawakuwasha. Waliingiza hewa polepole wakiwa wamesimama mbali, wakaacha mashine siku mbili, kisha fundi akavaa glavu na ngao ya uso, akaanza kulegeza skrubu. Alipofika ya tatu kioo kiligawanyika vipande viwili mikononi mwake. Sagini ameandika hivyo tu, halafu akaruka mstari, akaniuliza habari za mvua.

Profesa ameongeza karatasi yake. Anashukuru kwa kusema ukweli. Ripoti ameiondoa. Nafasi ya mwezi wa tisa imepewa mtu mwingine. Nikisoma karatasi zote mia tatu na arobaini upya, bila kuacha chochote, wataona.

Nimemsomea Mama yote, pamoja na hiyo. Amesikiliza hadi mwisho.

"Mama yake Sagini anajua?" akauliza.

"Ajue nini? Hakuumia."

"Karibu aumie, na ni mkono wangu. Kwetu mtu akikaribia kudhuru mtoto wa mwenzake hatumi salamu. Anaenda mwenyewe, anasema kwa kinywa chake."

Nikamwambia kwao ni Nyansiongo, upande wa Wakisii. Tangu ile vita ya tisini na mbili kati yetu na wao, Mama hajavuka mpaka ule. Mimi mwenyewe nikipita huko nanyamaza ili wasisikie lafudhi yangu. Nilimwambia watu watatutazama vibaya. Nilimwambia naogopa.

"Hata mimi naogopa," Mama akasema. "Jumamosi."

Jumamosi, 22 Juni

Tumekwenda. Mama alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, amekifunga kwa lesso mpya. Hakuna aliyetutazama vibaya. Watu walikuwa na mahindi yao ya kupalilia, tukaelekezwa nyumba kwa nyumba hadi kwa Mama Sagini.

Jina lake ni Yunia. Mwembamba, mpole, kicheko chake ni cha Sagini kabisa. Alifurahi kusikia mimi ni yule Ngeno wa chuo kikuu. Akatukalisha, akaweka chai jikoni, akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Ukutani kuna picha ya Sagini na koti kubwa, theluji nyuma yake.

Mama hakungoja chai. Alisimama. "Mama Sagini, mimi ni Rebeccah, mimi ndiye nimemzaa huyu. Nilipewa kazi ya mwanao nikaifanya vibaya bila kujua. Niliacha vitu nilivyotakiwa kuandika. Karibu kioo kimpasukie usoni. Mungu alikataa. Nimekuja uniambie lolote unalotaka kuniambia."

Mama Sagini alikuwa bado ameshika kibuyu. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, kama watu waliokosea nyumba.

"Kioo gani?" akasema. "Sagini ni mwalimu. Anafundisha huko. Kila barua ananiambia, nafundisha, nakula vizuri, kuna baridi."

Mama akanigeukia.

Ikabidi nieleze. Nilieleza kidogo kidogo, nikapunguza kila nilichoweza kupunguza. Nilisema kuna ukuta wa zege, kuna wakubwa wanaojua kazi, dirisha jipya litakuwa nene na mbali. Alisikiliza bila kunikatiza. Alipoona nimemaliza, akauliza swali moja.

"Hicho kitu wanakiwasha mara ngapi?"

Nilitaka kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nimeshaona kinachotokea nikiondoa vitu.

"Kila siku ya kazi," nikasema. "Kuanzia saa tatu yao. Hapa kwetu inakuwa saa tano."

"Saa tano," akarudia, polepole, kama mgonjwa anayeelezwa saa ya dawa. "Miaka miwili nimekuwa nalala vizuri."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimshukuru Mama kwa kuja, akasema ni watu wachache wangefanya hivyo, akatumiminia chai. Mama alisogeza stuli akakaa karibu naye, mabega yao yakigusana, hadi vikombe vikaisha.

Tumerudi jioni. Tangu Machi nilikuwa naogopa peke yangu, na nilidhani hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Sasa kuna mama mmoja Nyansiongo ambaye kila siku ikifika saa tano ataacha anachofanya na kusimama, na uoga huo ni sisi tuliompelekea.